Maswali ya Bustani: Majani Yamestawi, Kitunguu Kiko Wapi?

Barua za vitunguu zimekuwa nyingi mpaka nimeamua ukurasa wote wa safari hii uwe wake: vitunguu maji, saumu, liki na vile vya majani. Pale ambapo naona wengi mmekwama pamoja nitajibu kwa kirefu. Penginepo jibu ni moja tu, nitalitoa na kuendelea.

Shikamoo Bibi. Dada yangu anayeishi nchi ya baridi alinitumia pakiti ya mbegu za vitunguu maji. Nilizisia, miche ikaota vizuri, nikaipandikiza na kuiwekea samadi. Sasa ni mwezi wa sita. Majani ni marefu, ya kijani, kila anayepita anayasifu. Nikifukua chini nakuta shingo nene tu, kitunguu hakuna. Mimi ninaishi karibu na Ikweta. Nimekosea wapi? – Mwenye Majani

Marahaba mwanangu. Kulima umelima vizuri. Mbegu ndiyo haikufaa mahali ulipo, na hata ungeiwekea samadi ya ng'ombe wote wa kijiji isingejaza kitunguu chini.

Kitunguu maji hakianzi kujaza kwa sababu kimefikisha miezi fulani. Kinaanza pale mchana unapofikia urefu ambao aina hiyo inautaka. Ziko aina za mchana mfupi, zinazoanza kujaza zikipata mwanga wa saa 10 hadi 12. Ziko za kati, saa 12 hadi 14. Na ziko za mchana mrefu, ambazo haziamki mpaka mwanga ufike saa 14 hadi 16. Huko uliko mchana ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima, Januari kama Julai. Aina za mchana mrefu kama Ailsa Craig na Walla Walla ni nzuri sana kwenye nchi ambako jua la kiangazi huchelewa kuzama, lakini kwako zitaota majani na kuendelea kusubiri. Tafuta aina za mchana mfupi: Red Creole, Bombay Red, Texas Grano na nyingine za kundi hilo. Pakiti isiyosema ni kundi gani, mwulize aliyekuuzia kabla hujafungua mkoba. Akishindwa kukujibu, nenda kwa mwingine.

Wanaoishi mbali na Ikweta nao wana shida yao, tena ni kinyume cha yako. Wakisia aina ya mchana mfupi majira ya kuchipua, siku zinarefuka haraka, mmea unapata ishara ya kujaza ukiwa bado na majani manne au matano, na mwishowe wanavuna vitunguu vidogo kama gololi.

Hapo kwenye majani ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu wengi mnaoniandikia mnaangalia chini wakati kazi yote iko juu. Chukua kitunguu, kikate katikati kwa upana, uhesabu pete zake. Kila pete ni kitako cha jani moja. Jani lililokua kubwa na lenye afya huacha pete nene, na jani lililodumaa kwa kiu au kwa magugu huacha pete nyembamba kama karatasi. Mmea uliokua sawasawa hufikisha majani kama 13 kabla ya kujaza. Ukishaanza kujaza hautoi majani mapya tena, kwa hiyo idadi ya pete imeshapangwa na wewe huwezi kuongeza hata moja. Ndiyo maana mbolea inayotiwa wakati vitunguu vimeshaanza kuvimba haileti unachokitafuta. Huleta shingo nene isiyokauka, na kitunguu cha shingo nene huoza ghalani.

Basi nguvu zako ziweke wiki za mwanzo. Miche ikae kitaluni wiki 6 hadi 8. Mimi hutembea na penseli mfukoni: mche ukifikia unene wa penseli hiyo, na urefu wa sentimita 15 hivi, uko tayari kuhama. Panda kina kifupi, sentimita 2 au 3 tu, mche hadi mche sentimita 10, mstari hadi mstari 30. Udongo uwe laini, usiotuamisha maji, wenye mboji iliyooza kabisa. Kama una namna ya kupima uchachu wa udongo, pH kati ya 6 na 6.8 ndiyo inayowapendeza. Mizizi ya kitunguu haiendi mbali, mingi iko kwenye sentimita 20 au 30 za juu, kwa hiyo mwagilia kidogo kidogo na mara kwa mara. Kukiacha kikauke wiki nzima halafu kukigharikisha kunakifanya kipasuke au kigawanyike viwili.

Na palizi! Majani ya mahindi au maharage yanatanda na kuyanyima magugu mwanga. Majani ya kitunguu yamesimama wima, hayatii kivuli hata kidogo, kwa hiyo kila mbegu ya gugu iliyoko kwenye tuta inaota kwa raha zake. Wiki 8 za kwanza baada ya kupandikiza usikubali gugu hata moja. Jembe ni kubwa mno kwa kazi hii, linakata mizizi. Mimi huchuchumaa na kisu kidogo kilichopinda ncha, nikikwangua udongo wa juu tu, na karibu na shina nang'oa kwa vidole. Usijaze udongo juu ya kitunguu kinapoanza kuvimba. Mabega yake yakae wazi, yaone jua.

Hayo majani uliyonayo usiyatupe. Yakate uyale kama vitunguu vya majani, huku ukitayarisha kitalu cha mbegu inayokufaa.

Habari Bibi. Mimi nakaa ghorofani, nina kibaraza tu. Naweza kupanda nini cha jamii hii? Tena nasikia vile vishina vyenye mizizi vya vitunguu vya majani vinaota tena, ni kweli? – Mama wa Ghorofani

Nzuri, mwanangu. Ni kweli. Acha sentimita 3 hadi 5 za sehemu nyeupe pamoja na mizizi yake, ukizike kwenye udongo na si kukiacha kwenye glasi ya maji. Majini kitatoa majani mara moja au mbili kisha kitachoka na kunuka, kwa kuwa maji matupu hayana chakula. Kwenye udongo kitakulisha miezi. Chombo kiwe na kina cha sentimita 20 na matundu chini, kipate jua saa 6 kwa siku. Kata majani ya nje, ya katikati uyaache.

Kitako cha kitunguu maji kikubwa nacho huota, ila usitarajie kitunguu kipya cha maana. Hiyo ni mimea ya miaka miwili: mwaka wa kwanza hujaza, wa pili hutoa ua. Kitako ulichokizika kiko kwenye mwaka wake wa pili, kitakupa majani, kitagawanyika, na mara nyingi kitapandisha ua.

Kama nafasi inaruhusu, ongeza liki. Huu ni mmea ambao ningependa watu wengi zaidi waujue. Haijazi kitunguu kabisa, kwa hiyo haikusumbui na mambo ya urefu wa mchana. Choma shimo la sentimita 15 kwa mpini wa jembe au kijiti kinene, dumbukiza mche, kisha mwagia maji tu, udongo usiurudishe. Maji yatateremsha udongo kidogo hadi kwenye mizizi, na shimo litajifukia lenyewe polepole kadiri unavyomwagilia. Sehemu iliyoko gizani ndiyo itakayokuwa nyeupe na laini.

Bibi, nilipanda kitunguu saumu, punje moja moja, na kila punje imenipa… punje moja, ila kubwa na la mviringo. Hakuna vipande ndani. Joto la hapa halishuki sana. – Mpenda Saumu

Umelisema mwenyewe mwishoni. Kitunguu saumu kinahitaji baridi ndipo kigawanyike. Kisipopitia wiki kadhaa za joto lililo chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, hasa zile aina zenye bua gumu katikati, kinavimba kuwa kitu kimoja cha mviringo. Punje ndogo sana nayo hufanya hivyo hivyo hata penye baridi.

Kwa hiyo kipe baridi wewe. Tia vichwa vizima kwenye mfuko wa karatasi, viweke kwenye jokofu, sehemu yenye nyuzi 4 hadi 10, wiki 6 hadi 8. Usitumie plastiki iliyofungwa, vitaota ukungu. Ukivitoa, panda mara moja, na uchague msimu ulio baridi kuliko yote mahali ulipo. Chagua aina za shingo laini, zinavumilia joto kuliko zile za bua gumu. Bangua kichwa siku ya kupanda, si kabla, na ganda la punje usiliondoe. Panda punje kubwa za nje, zile ndogo za katikati zipeleke jikoni. Ncha iangalie juu, kina sentimita 5, nafasi sentimita 10 hadi 15. Nakusihi utafute mbegu safi kwa mtu anayelima saumu, kwa sababu saumu ya kula mara nyingi huja na magonjwa yake, na ukishayaingiza bustanini hutayaondoa kirahisi.

Hayo ya mviringo uliyovuna ni mali. Yapitishe kwenye baridi uyapande tena, yatakupa vichwa vyenye punje.

Dada yangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Majani ya vitunguu vyangu yana michirizi ya rangi ya fedha, mengine yamejikunja. Jirani amenipa dawa ya kuua wadudu. Niipulize? – Mwalimu

Mwalimu, iweke kwanza pembeni. Chukua karatasi nyeupe asubuhi, nenda kwenye mmea mmoja, panua kwa vidole pale majani yanapoachana katikati, uutikise mmea juu ya karatasi. Utaona vijidudu vyembamba kama uzi, vya manjano au kahawia, urefu wake wa milimita moja hivi, vikikimbia. Hao ni thripsi. Wanakwangua ngozi ya jani na kunyonya utomvu, na ile rangi ya fedha ni seli zilizobaki tupu. Wanapenda joto na ukame, na wanajificha katikati kabisa ya mmea, mahali ambapo dawa ya kupuliza haifiki vizuri.

Ndiyo maana naogopa dawa za kupuliza ovyo. Hazifikii thripsi wote, lakini zinaua buibui na wadudu wengine waliokuwa wanawala, na baada ya wiki mbili thripsi wanarudi wakiwa wengi kuliko mwanzo. Anza na maji: nyunyizia kwa nguvu kidogo mpaka ndani ya shingo ya mmea, asubuhi ili majani yakauke mapema. Tandaza nyasi kavu kati ya mistari. Usipandikize miche mipya jirani na vitunguu vilivyozeeka, maana hao wanahama tu. Wakizidi, maji yenye sabuni laini ya maji yanasaidia, yakipulizwa jioni na kuelekezwa kwenye yale maungio ya majani. Dawa kali ibaki kuwa hatua ya mwisho, na usiiguse kabla hujasoma kwenye lebo siku za kusubiri hadi kuvuna.

Ukiona mabaka yaliyozama, yenye zambarau katikati na ukingo wa manjano, hao si wadudu tena, ni ugonjwa wa baka zambarau. Utando wa kijivu unaofanana na manyoya, unaoonekana asubuhi penye umande, ni ubwiri unyoya. La kwanza ni kuvu, la pili ni kiumbe kinachofanana na kuvu, na yote mawili yanapenda majani yaliyolowa. Panua nafasi, mwagilia chini kwenye udongo badala ya juu, na majani yaliyougua uyatoe bustanini kabisa.

Shikamoo Bibi. Nimelima vitunguu tuta lilelile misimu yote kwa sababu ndilo lenye udongo mzuri. Sasa mimea inanyauka, na chini kuna ukungu mweupe kama pamba wenye vidoti vyeusi. – Kijana wa Bustani

Marahaba. Habari hii si nzuri, mjukuu wangu, na siwezi kuipamba. Hayo ni maelezo ya kuoza kweupe, ugonjwa mbaya kuliko yote ya jamii hii. Vile vidoti vyeusi vinalala udongoni vikisubiri, na vinaweza kubaki hai zaidi ya miaka 20. Vinaamshwa na harufu ya mizizi ya vitunguu, saumu au liki. Ng'oa mimea yote pamoja na udongo ulioishika mizizi, usiitie kwenye shimo la mboji, na tuta hilo lipe mboga za jamii nyingine moja kwa moja. Jembe na viatu vioshe kabla ya kuhamia tuta jingine, maana udongo ulioganda kwenye soli ndio unaousafirisha. Vitunguu vyako vipya vianze sehemu nyingine, kwenye udongo ambao haujawahi kuwa na jamii hii.

Wengine ambao hamjaupata, hamisheni vitunguu kila msimu, msirudi tuta lilelile kabla ya miaka 3 au 4.

Bibi, vitunguu vyangu vinatoa mabua ya maua. Nikiyavunja vitajaza? – Mwanafunzi Wako

Havitajaza, mwanafunzi wangu. Bua likishapanda, mmea umeshabadili nia, na ndani ya kitunguu kunabaki mti mgumu unaoanza kuoza mapema. Vivute uvile kwanza. Sababu kubwa ni baridi iliyoukuta mmea ukiwa umeshanenepa kupita penseli, ukadhani umepita mwaka mmoja na huu ni wa pili. Waliopanda vile vitunguu vidogo vya kupandia wachague vyenye upana usiozidi sentimita 2, kwa sababu vikubwa ndivyo vinavyokimbilia ua.

Usichukue mbegu kwenye mimea iliyotoa maua mapema, utakuwa unalea tabia hiyo. Hifadhi vitunguu bora ulivyovuna, uvipande tena msimu unaofuata, hao ndio wazazi. Na mbegu ya kitunguu haikai. Mwaka mmoja, miwili ikiwa imetunzwa pakavu na penye ubaridi, baada ya hapo unasia vumbi.

Bibi, mavuno yalikuwa mazuri lakini baada ya mwezi nusu yameoza na mengine yameota. Halafu ni makali mno, macho hayafunguki! – Mvunaji

Ukali usikusumbue. Kitunguu kinafyonza salfa kutoka udongoni na kuiweka akiba kama silaha yake. Ukikata, seli zinapasuka, vimeng'enya vinakutana na akiba hiyo na gesi inapanda machoni. Aina, salfa iliyomo udongoni, joto na kiu ndivyo vinavyoongeza ukali, kwa hiyo maji yasiyokatika msimu ujao yatapunguza. Na kwa kawaida vikali ndivyo vinavyokaa ghalani kuliko vile vitamu vyenye maji mengi.

Kuoza kwako kumeanzia shambani. Majani ya nusu ya mimea yakishalala chini yenyewe, acha kumwagilia. Wapo wanaoyakanyaga majani ili yalale haraka. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu shingo iliyovunjwa ni mlango wa kuvu. Ng'oa siku kavu, tandaza pamoja na majani yake mahali penye kivuli na upepo, wiki 2 hadi 3. Kisha ibane shingo kwa kidole gumba na cha shahada. Ikiteleza au ikiwa na unyevu ndani, bado. Ikiwa imesinyaa na inatoa mlio mkavu wa karatasi, kata majani ukiacha sentimita 2 au 3. Vyenye shingo nene, vilivyochubuka na vilivyogawanyika vitenge, vile vya kula wiki hizi.

Hifadhi kwenye wavu au kapu linalopitisha hewa, na usivichanganye na viazi, maana unyevu wa viazi unaviharibu. Kuota kunaletwa na joto la katikati, nyuzi 10 hadi 20. Vitunguu vikavu hutulia vikiwa karibu na nyuzi 0, na vinatulia pia penye joto linalozidi nyuzi 25, mradi hewa ni kavu na inatembea. Kwa hiyo usiyeweza kuvipa baridi ya kweli, dari kavu yenye upepo inakufaa kuliko kona yenye ubaridi na unyevu.

Bibi, mbwa wetu anafukua tuta la vitunguu na kutafuna. Nimwache? – Baba wa Mbwa

Usimwache hata kidogo. Vitunguu maji, saumu, liki na vya majani, vibichi au vilivyopikwa, vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na za paka pia. Weka uzio wa wavu leo, na maganda usiyatupe mahali anapofika. Ikiwa ameshakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kusubiri aonekane mgonjwa: ufizi kupauka, kuchoka na mkojo kuwa mwekundu huweza kuchukua siku kadhaa kujitokeza, na wakati huo damu imeshapungua sana.